Nani Ashike Ufunguo? Mjadala wa Mtoto Asiyesema Ukingoni mwa Ziwa

Nyumba za Igogo, Mwanza, zimeshika mawe. Ukitoka mlangoni unapita katikati ya majabali, unashuka ngazi za saruji ambazo kila mwenye nyumba amezijenga kwa kimo chake, unaruka mfereji, unavuka barabara ya daladala ziendazo Nyegezi, na mbele yako ni ziwa. Mtoto wa miaka minane anayejua anakokwenda hachelewi kufika.

Mtoto tunayemjadili anajua anakokwenda. Ana usonji, hajawahi kutamka neno, na anapenda maji kupita kitu chochote. Mama yake huondoka alfajiri kwenda kuuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Baba yake ni mvuvi wa dagaa: siku za giza hukesha ziwani, mwezi ukiwa mkubwa hukaa nyumbani, kwa hiyo humwona mwanawe kwa mafungu. Anayebaki na mtoto ni bibi mzaa baba, ambaye magoti yake hayaziwezi tena ngazi zile. Basi mlango una kufuli. Na siku bibi akizidiwa, ncha moja ya kanga hufungwa kiunoni mwa mtoto na ya pili kwenye mguu wa kitanda.

Hoja iliyo mezani ni hii: mlango ule ufungwe au ufunguliwe?

Sauti zinazofuata nimezitunga, na hakuna familia moja ninayoieleza. Hoja zenyewe sikuzitunga. Ndizo zinazosemwa kwenye vibaraza, kliniki na sokoni kila anapotajwa mtoto wa namna hii. Nami nina upande wangu, na sitauficha.

MAMA: Nianze mimi, kwa sababu kufuli nimelinunua mimi. Siku ile nilikuwa nakoroga uji. Nilimpa mgongo nichukue sukari, nilipogeuka hayupo. Nilishuka ngazi bila viatu. Nikamkuta majini, maji yamemfika kifuani, anayapiga kwa viganja, anacheka. Pembeni yake wanawake wanafua, vijana wanaosha pikipiki. Hakuna aliyemshika, na siwalaumu, kwa sababu kwetu hapa mtoto anayecheka majini ni mtoto anayeoga. Wangejuaje kwamba huyu hatarudi nyuma kina kikiongezeka? Wangejuaje kwamba akizama hataita? Nilipomtoa alining'ata mkono. Jioni ile nikanunua kufuli. Mwenye neno aseme, lakini asianze kwa kuniita mkatili.

JIRANI: Shemeji, siku hiyo alipita mbele ya duka langu. Nilimwita. Hakugeuka. Nikasema moyoni, watoto wa siku hizi hawana adabu, nikaendelea kupima unga.

MUUGUZI: Mama hajazidisha hofu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 uliwauliza wazazi wa watoto wenye usonji, na karibu nusu walisema mtoto wao alishajaribu kutoroka walau mara moja baada ya kutimiza miaka minne. Mwingine wa mwaka 2017 ulichunguza kumbukumbu za vifo, ukakuta kwamba watoto wenye usonji walio chini ya miaka 15 wako kwenye hatari ya kufa maji mara 160 zaidi ya watoto wengine. Hiyo ni nchi ambayo wengi wao hawaishi mita chache kutoka ziwani. Watu wazima wenye usonji wanaoweza kueleza husema maji huwatuliza: mwanga unaocheza juu yake, uzito wake mwilini. Mtoto huyu huziba masikio daladala ikipiga honi. Majini anapumzika.

MWALIMU: Sibishani na hesabu hizo, Sista. Nabishana na kufuli. Nyumba ikishika moto saa nne asubuhi, mama yuko Mwaloni, baba amelala ufukweni kwa wenzake. Ufunguo uko wapi?

BIBI: Uko shingoni mwangu.

MWALIMU: Shikamoo, bibi. Na ukianguka wewe?

BIBI: Marahaba. Nikianguka, Mungu yupo. Mwalimu, wewe bado kijana. Mimi nilikuwa hapa miaka ya 2007 na 2008, wenye ualbino walipokuwa wanavamiwa usiku na kukatwa viungo, hapa Mwanza na Shinyanga. Tulilala na mapanga chini ya godoro kwa ajili ya mtoto wa jirani. Nilijifunza kwamba mtoto wa tofauti ana macho mengi yanayomwangalia, na si yote yanayomtakia heri. Huyu wangu hawezi kurudi nyumbani akasema fulani amenifanya hivi. Mtu mbaya akilijua hilo, atamwacha? Kufuli ni la maji, lakini ni la watu pia.

Hapo bibi amesema jambo ambalo wanaohubiri milango wazi hulipita haraka. Mtoto asiyesema ndiye shahidi ambaye mhalifu humtafuta. Anayeiambia familia kama hii “mtoeni nje” bila kueleza nani atakuwa nje pamoja naye, bado hajatoa hoja.

MWALIMU: Bibi, nakumbuka pia kilichofuata. Watoto wale walikusanywa kwenye shule za Buhangija kule Shinyanga na Mitindo hapa Misungwi, kwa sababu hiyo hiyo ya usalama. Walilindwa kweli, na waliowalinda wana thawabu. Lakini wengi walikaa miaka. Mama akawa mgeni wa kuja kusalimia, na wapo ambao hawakutembelewa kabisa. Ukuta ukishakubalika kuwa ndilo jibu, hakuna tena mwenye haraka ya kuubomoa. Huyu ana miaka minane. Akifika kumi na minane, ana kimo cha baba yake, nani atamfunga kanga kiunoni?

BABA: Nyinyi mnazungumzia mlango. Mimi nasema dawa ya mlango ni ulimi. Akiongea, ataniambia baba nataka maji, nami nitampeleka. Tumemkata udata. Tumekwenda kwa mganga, tumekwenda kwenye maombi, nimeuza nyavu mbili. Sasa Mwalimu kila tukikutana anatuambia tumpe picha za karatasi aombee anachotaka. Ukimpa mtoto picha, maneno atayatafuta ya nini?

MUUGUZI: Baba, udata ulikatwa bure. Mtoto anayetoa ulimi akalamba asali kwenye pembe za mdomo hana ulimi uliofungwa. Kilichotakiwa kupimwa kwanza ni masikio, nanyi mlipompeleka hospitali ya Bugando akaonekana anasikia. Kuhusu picha, hofu yako si yako peke yako, kila mzazi huwa nayo. Watafiti walikusanya tafiti zilizofanyika kabla, wakachapisha mapitio yao mwaka 2006 na tena 2008: kumpa mtoto ishara au picha hakujaonekana kumzuia kuongea, na baadhi waliongeza sauti na maneno. Na ulimi haujafungiwa mlango. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa watoto 535 wenye usonji ambao walipofika miaka minne walikuwa bado hawaungi maneno. Walipopimwa wakiwa na miaka minane au zaidi, kama asilimia 70 walikuwa wanaunga maneno, na karibu nusu ya wote wanaongea kwa ufasaha.

BABA: Kwa hiyo tusubiri.

MUUGUZI: Kwa hiyo uongee naye kila siku kana kwamba ataongea kesho, na umpe njia ya kukuomba maji leo. Asilimia 30 hawakufika huko, na siwezi kukuahidi mwanao yuko upande gani.

Baba huyu namwelewa. Kuna wazazi wanaokataa picha kwa sababu picha inafanana na kukata tamaa, kama mtu aliyeambiwa asisubiri tena basi. Lakini mtoto wa miaka minane ambaye hana njia ya kusema “naumwa jino” anaumwa jino leo.

BIBI: Mimi nina swali jingine. Alipokuwa na miaka miwili alipata malaria ya kupanda kichwani, degedege siku mbili. Kabla ya hapo alikuwa anasema “ma” na “ta”. Ilipoisha, na maneno yakaisha. Watu wakasema mama yake amemtoa mtoto sadaka apate mtaji wa dagaa. Wengine wakasema mimi. Naomba mtu mwenye elimu aseme hapa mbele za watu: ni nani aliyemfanya?

MUUGUZI: Hakuna aliyemfanya, mama. Kuhusu malaria, utafiti wa watoto wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2006 uliwaeleza baadhi ambao dalili za usonji zilionekana baada ya malaria kali. Hilo linafikirika. Watoto wengi duniani wana usonji na hawajawahi kuugua malaria, na chanjo, ambayo wengine huisingizia, haimo, maana madai yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1998 dhidi ya chanjo ya surua yalifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Kwa mjukuu wako siwezi kuapa ni malaria. Ninachotaka mkishike ni hiki: kifafa huambatana na usonji mara nyingi, na mtoto aliyewahi kupata degedege achunguzwe. Mwenye kifafa akishikwa ndani ya maji, hata maji ya magotini yanatosha kumuua.

Kumlaumu mama hakukuanzia Usukumani wala hakutaishia hapa. Leo Kanner, daktari wa Marekani, alipowaeleza watoto 11 wa kwanza wenye usonji mwaka 1943, watatu wao hawakuwa wanasema. Baada yake zikapita zaidi ya miaka 20 ambapo mabingwa, Bruno Bettelheim wa Chicago akiwa sauti kubwa kupita wote, waliwaambia akina mama wa Marekani kwamba ubaridi wao ndio uliowafunga watoto. Aliyesaidia kuivunja hoja hiyo kwa kitabu mwaka 1964 alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji. Natamani kila mkwe anayenong'onezewa “ametoa sadaka” ajue kwamba uongo huo ulishavaa joho la chuo kikuu, na bado ulikuwa uongo.

MAMA: Haya, tuseme nimezikubali picha. Nionyesheni zinavyofanya kazi kwenye nyumba ya vyumba viwili.

MWALIMU: Tunaanza na moja. Si kumi, moja. Njia hii ilibuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, na haihitaji mashine. Anapenda maji: piga picha kikombe chake mwenyewe, kile cha bluu chenye mpini uliovunjika, isafishe kwa mpiga picha, ibandike kwenye kipande cha boksi na uizungushie selotepu. Wanahitajika watu wazima wawili. Wewe unakaa mbele yake na kikombe chenye maji. Bibi anakaa nyuma yake na hasemi kitu. Mtoto anaponyosha mkono kwenye kikombe, bibi anauongoza mkono wake uchukue kadi na kuiweka kwenye kiganja chako. Papo hapo unasema “maji!” na unampa. Usimuulize unataka nini, usimwambie sema kwanza. Kadi imefika, maji yamefika. Bibi anapunguza mkono wake kidogo kidogo, mpaka siku mtoto atakapoamka, achukue kadi mwenyewe, akufuate jikoni.

MAMA: Kwa sasa huwa ananishika kifundo cha mkono, ananivuta mpaka kwenye ndoo, anauweka mkono wangu juu ya kikombe.

MWALIMU: Huko ni kusema tayari, mama. Tatizo lake ni kwamba kunahitaji mkono wako wewe. Kadi ataipeleka hata kwa jirani.

MAMA: Na kadi ya “nje”? Maana hiyo ndiyo atakayoitaka. Mwanzoni umesema akileta apewe papo hapo. Akiniletea mara ishirini kwa siku nami naanika dagaa, nitamtoa mara ishirini? Nikikataa mara tatu, atajua kadi ni uongo, atarudi kujaribu kutoroka. Nyinyi walimu mnatupa kazi nzuri sana, lakini hamtupi mikono.

MWALIMU: Ni kweli. Sina jibu la hapo nikiwa peke yangu.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha mjadala wote. Tumebishana kuhusu mlango kana kwamba una upande mmoja, ule wa ndani ambako wamo mama, bibi na kanga. Kufuli lile limewekwa na upande wa nje pia: na mwenye duka aliyedhani mtoto ana kiburi, na wanawake waliofua bila kujua, na shule moja iliyomwambia mama amrudishe “akishaweza kuongea”. Kamba kiunoni naikataa bila masharti. Inamuumiza, inamfundisha kwamba mwili wake ni wa kufungwa, na siku ya moto inaua. Kufuli la mama aliyeachwa peke yake siwezi kulilaani. Naweza tu kuuliza nani mwingine anapaswa kushika ufunguo.

JIRANI: Nifundisheni mimi, basi. Akipita dukani nifanye nini? Nikimwita hageuki.

MAMA: Usimwite kwa nguvu, usimkimbilie kwa nyuma, atakimbia zaidi. Mpite, simama mbele yake, inama, umwonyeshe kizibo cha soda. Anavipanga kwa rangi. Akisimama kukitazama, umempata. Usimshike shingoni. Mpe kiganja, atakushika mwenyewe.

JIRANI: Vizibo ninavyo ndoo nzima.

MUUGUZI: Na namba ya simu ya mama ishonwe kwenye nguo zake zote.

BIBI: Nje? Mtu mbaya aisome, ajue huyu hasemi?

MUUGUZI: Ndani ya pindo la fulana, mama. Mwenye duka, vijana wa bodaboda wa kona ile na wanaofua majini waambiwe mahali ilipo. Mpita njia hana haja ya kujua.

BIBI: Hao wa bodaboda nitawataja mmoja mmoja. Yule wa kofia nyekundu, hapana.

MWALIMU: Na afundishwe kuogelea.

BABA: Hapo ndipo umenena! Mtoto wa mvuvi asiyejua kuogelea ni aibu yangu. Wiki za mwezi mkubwa nipo tu. Nitakuwa naye majini kila asubuhi.

MUUGUZI: Ziwa hili lina kichocho, baba. Chagueni sehemu isiyo na majani wala konokono, mfuteni kwa nguvu anapotoka, na apate dawa. Na hapo pana pengo: dawa ya kichocho hutolewa zaidi shuleni. Asiyeandikishwa ni rahisi kurukwa. Wenzake wanameza praziquantel yeye amefungiwa ndani. Na kuogelea kusiwadanganye mkaacha kumlinda, anayejua kuogelea naye hufa maji.

BABA: Nimesikia. Lakini siku atakapoelea mwenyewe, mtaniona nikicheka mtaa mzima.

MWALIMU: Kuhusu shule, shule ile haikuwa na haki ya kumrudisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma, na hakuna mahali inaposema aongee kwanza. Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Lakini nisiwadanganye. Dar es Salaam kuna kitengo cha usonji Msimbazi Mseto. Patandi, Arusha, panafundisha walimu wa elimu maalumu, lakini hatutoshi. Mnaweza kushinda kwenye karatasi, mkakuta darasa lina watoto wengi na mwalimu mmoja ambaye hajawahi kusikia neno usonji. Mimi nitakwenda nanyi kuandikisha. Tuanze na saa mbili kwa siku, bibi akae darasani wiki za mwanzo.

BIBI: Magoti yangu?

JIRANI: Bodaboda nitalipia mimi. Si kila siku. Jumatatu na Jumatano.

MAMA: Naomba niseme la mwisho, kisha nirudi kwenye dagaa zangu kabla mvua haijanyesha. Kanga inatoka leo. Iko hapa, nimekuja nayo, nitairudisha kwenye kazi yake. Kufuli linabaki usiku, na ufunguo wa pili atakaa nao shemeji dukani, maana yeye halali mapema. Mchana mlango utakuwa wazi kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili, saa ambazo mimi nimerudi na mwenye duka yuko kibarazani. Kadi ya “nje” itakuwa na kazi saa hizo tu. Asubuhi nitaificha, ili nisimdanganye. Baba yake akiwa nyumbani, asubuhi ni zake. Tujaribu mpaka giza lijalo, wavuvi watakapoondoka, ndipo tutajua nani alikuwa anasema kweli hapa. Na mkichoka, njooni mniambie mmechoka. Nitafunga tena mlango, na siku hiyo sitaki kusikia kwa mtu yeyote kwamba mimi ni mama mbaya.

BIBI: Na yule wa kofia nyekundu?

MAMA: Huyo nitazungumza naye mwenyewe, mama.